Michezo inayokula hasara katika vyuo vya Marekani: iendelee kulipiwa, na alipe nani?

Mizania:
Wadau, hoja hii ni ya zamani, ila tangu tarehe 6 Juni 2025 imebadilika sura. Siku hiyo Jaji Claudia Wilken aliidhinisha suluhu ya kesi ya House dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani. Kuanzia Julai 1 mwaka huo, vyuo vya Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, vilivyokubali utaratibu huo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo kikiwa takriban dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025-26. Pesa hizo hazikuwapo kwenye bajeti. Futiboli ya Kimarekani na kikapu cha wanaume ndiyo michezo inayoingiza, kwa hiyo ndiyo itakayolipwa kwanza. Tenisi, kuogelea, mieleka, jimnastiki na kupiga makasia mara nyingi haiingizi hata nauli ya kwenda kwenye mashindano.

Hata kabla ya suluhu hiyo hali ilikuwa mbaya. Kwa hesabu za NCAA za 2019, idara za michezo 25 tu ndizo ziliingiza zaidi ya zilivyotumia, katika daraja lenye vyuo zaidi ya 350. Nyingine zote zilibebwa na chuo au na wanafunzi.

Naanza na msimamo wangu: timu ya chuo haina sababu ya kuleta faida, kama maktaba isivyoleta. Lakini anayeilipia ajue kwamba anailipia, na ajue ni kiasi gani.

Ada Wazi:
Mkuu Mizania, mfano wa maktaba haukai sawa. Mlango wa maktaba uko wazi kwa kila aliyelipa ada. Timu ya mieleka yenye watu 30 imefungwa kwa wanafunzi wengine wote, na wao ndio walipaji.

Anayetaka kujua mzigo uko wapi asiridhike na taarifa ya EADA, yaani ya mapato na matumizi ya michezo ya kila chuo, inayochapishwa kwa sheria ya 1994. Humo utakuta vyuo vingi mapato yao ni sawasawa na matumizi, dola kwa dola, kama vile hakuna hasara. Sababu ni kwamba ruzuku ya chuo imehesabiwa kuwa mapato. Tafuta badala yake ripoti ya fedha ambayo kila chuo cha Daraja la Kwanza hupeleka NCAA kila mwaka. Kwa chuo cha umma unaweza kuiomba kwa sheria ya nyaraka za umma. Angalia mistari minne: ada za wanafunzi, msaada wa moja kwa moja wa chuo, msaada usio wa moja kwa moja (umeme, majengo, watumishi), na fedha za serikali ya jimbo. Jumlisha hiyo minne, kisha gawa kwa mapato yote ya idara. Hapo ndipo utaona idara inasimama kwa miguu yake kiasi gani.

Jimbo la Virginia liliweka kikomo kwa sheria ya 2015. Vyuo vyake vya umma haviruhusiwi kuvuka asilimia fulani ya ada na ruzuku katika bajeti ya michezo, na asilimia hiyo inatofautiana kwa ngazi. James Madison, kimojawapo cha vyuo hivyo, ilipotaka kupanda kwenda FBS, ngazi ya juu kabisa ya futiboli, kikomo chake kilikuwa kinashuka, na ikabidi jimbo liridhie kwanza. Sheria ya namna hiyo ingekuwepo kila jimbo, nusu ya mjadala huu ungekwisha.

Pato Halisi:
Naunga mkono mistari minne, ila hata ukishaipata bado hujajua hasara ni kiasi gani. Kuna kosa moja la hesabu linalorudiwa kila chuo kinapotaka kufuta timu.

Idara ya michezo hutozwa bei kamili ya kila ufadhili wa masomo. Tuchukue timu ya tenisi ya wanaume yenye wachezaji 10. Kikomo cha zamani cha NCAA kilikuwa ufadhili kamili 4.5 kwa timu nzima, na kocha aliugawa vipande vipande. Ada na malazi ikiwa dola 60,000, vitabu vya idara vitaonyesha gharama ya 270,000 kwa ufadhili peke yake. Lakini wachezaji hao hao wanalipa sehemu iliyobaki, sawa na ada kamili 5.5, yaani dola 330,000. Fedha hizo huingia kwenye mfuko mkuu wa chuo na idara ya michezo haihesabiwi hata senti.

Sasa futa timu. Kama chuo kina vitanda vitupu bwenini, umepoteza 330,000 na ile 270,000 haikurudi, maana haikuwa fedha taslimu, ilikuwa punguzo la bei kwa kiti ambacho kingekaa kitupu. Kama chuo kimejaa na kinakataa waombaji maelfu, wanakuja wengine kumi wanaolipa, na hapo kweli umeokoa. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni hili: chuo kimejaa au hakijajaa? Bila jibu hilo, tarakimu ya hasara haina maana.

UAB, chuo kikuu kule Alabama, ilifuta futiboli Desemba 2014, pamoja na bowling ya wanawake na kulenga shabaha kwa bunduki. Wakosoaji wa ripoti iliyotumika kuhalalisha uamuzi walishika jambo hili hili, kwamba ufadhili umehesabiwa kwa bei ya kwenye karatasi. Kufikia Juni 2015 uamuzi ulikuwa umetenguliwa, wafadhili wakachanga, na futiboli ikarudi uwanjani 2017.

Ada Wazi:
Hilo la vitanda vitupu nakubali. Ila wachangaji wa Alabama walichangia futiboli. Nani atachangia tenisi?

Kifungu:
Kabla ya kufika kwenye uchangaji, kuna kuta mbili ambazo mkuu wa chuo hugonga akijaribu kufuta.

Ya kwanza ni idadi ya chini. Daraja la Kwanza linadai michezo 14, na FBS inadai 16. Chuo chenye 16 kamili hakiwezi kufuta hata mmoja bila kuongeza mwingine.

Ya pili ni Title IX, sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Tangu ufafanuzi wa 1979 kuna njia tatu za kuonyesha kuwa unatimiza sheria: idadi ya wanamichezo wanawake iendane na idadi yao katika wanafunzi, au uwe na historia inayoendelea ya kuwaongezea nafasi, au uonyeshe kuwa matakwa yao yametimizwa kikamilifu. Ukifuta timu ya wanawake inayocheza vizuri na inayotaka kuendelea, njia ya pili na ya tatu umezifunga kwa mkono wako. Inabaki ya kwanza, yaani hesabu tupu.

Brown ilijifunza hivyo baada ya kuondolea fedha jimnastiki na voliboli ya wanawake mwaka 1991. Kesi ilikwenda miaka mingi na chuo kikashindwa. Iowa ilitangaza Agosti 2020 kufuta michezo minne, ukiwemo wa kuogelea kwa wanawake. Wanawake wakaenda mahakamani, wakapata zuio Desemba, na timu yao ikarudishwa. Zaidi ya hapo chuo kikaongeza mieleka ya wanawake, mchezo ambao hakikuwa nao. Kilianza na mpango wa kupunguza, kikaishia na mchezo mpya wa kulipia.

Mizania:
Kifungu, tuwekee hesabu ya njia ya kwanza. Tuseme wanawake ni asilimia 55 ya wanafunzi, na wanamichezo ni 500, nusu kwa nusu. Pengo si 25? Asilimia 55 ya 500 ni 275.

Kifungu:
Hapana, na hapo ndipo maofisa wengi huteleza. Huhamishi wanaume kuwa wanawake. Idadi ya wanaume inabaki 250, na inatakiwa iwe asilimia 45 ya wote. Gawa 250 kwa 0.45, unapata takriban 555. Toa 250, inabaki 305. Wanawake waliopo ni 250, kwa hiyo pengo ni 55. Kisha unauliza: je, 55 inatosha kuunda timu? Inatosha timu mbili. Chuo hicho hakina ruhusa ya kugusa timu yoyote ya wanawake.

Hii ndiyo sababu kikosi kikubwa cha futiboli, ambacho kwa kanuni mpya kinaweza kufika watu 105, hufuatwa na kupiga makasia kwa wanawake: boti moja inabeba wanane na nahodha, na kikosi kinaweza kuwa cha makumi. Ila kujaza majina ya wasichana ambao hawapewi nafasi ya kushindana ni udanganyifu, na mahakama zimewahi kuukataa.

Daraja la Tatu:
Wadau mmezungumzia vyuo vikubwa tu. Daraja la Tatu lina vyuo zaidi ya 400 na haliruhusu ufadhili wa kimichezo kabisa. Huko timu ni chombo cha kuvuta wanafunzi, basi. Nawapa mfano wa kubuni, wa chuo kidogo cha binafsi kinachoanzisha mieleka ya wanawake.

Ada ya kwenye karatasi: dola 40,000. Punguzo: asilimia 55, na hilo si la ajabu, maana katika vyuo vya binafsi wastani kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza umepita nusu. Kinachobaki mkononi ni 18,000 kwa kila mmoja. Gharama za mwaka wa kwanza: kocha mkuu 55,000, msaidizi 20,000, marupurupu yao robo ya mishahara, kama 19,000, safari 45,000, mikeka na sare 30,000, bima na tabibu wa michezo 15,000, kutafuta wachezaji 10,000. Jumla 194,000. Gawa kwa 18,000: wanahitajika wanafunzi 11 ili kusimama sawa, kabla ya chakula na walimu. Kocha akileta 30, chuo kinashangilia.

Yanapoharibika ni haya. Kwanza, kati ya hao 30 wapo ambao wangekuja hata bila mieleka. Hao usiwahesabu. Pili, punguzo hupanda ili kujaza kikosi. Likifika asilimia 65, unabaki na 14,000 na sasa unahitaji 14. Tatu, na hili ndilo linaloua, msichana asiyepata nafasi ya kushindana huondoka mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kocha anapimwa kwa idadi aliyoleta Agosti, hapimwi kwa waliobaki mwaka wa tatu. Badilisheni kipimo hicho kwenye mkataba wake, mtaona anaacha kusajili 30 akasajili 18 anaoweza kuwatunza.

Na tusijidanganye kwamba timu huokoa chuo. Birmingham-Southern ilifunga milango Mei 31, 2024, siku zilezile timu yake ya besiboli ilikuwa kwenye fainali za kitaifa za Daraja la Tatu.

Makasia:
Kuna mlipaji mwingine hamjamtaja: taifa. Serikali kuu ya Marekani haina wizara ya michezo inayolea timu ya Olimpiki. Kazi hiyo imeachiwa vyuo. Timu ya jimnastiki ya wanaume iliyopata shaba Paris 2024, medali ya kwanza ya timu tangu 2008, ilikuwa na watu watano kutoka vyuo vitatu tu: Stanford, Michigan na Penn State. Stanford hiyohiyo ilitangaza Julai 2020 kufuta michezo 11 kati ya 36, kisha Mei 2021 ikarudi nyuma. Leo vyuo vyenye jimnastiki ya wanaume katika NCAA havifiki 20. Viwili au vitatu vikifunga, hakuna mahali pengine pa kufundishia.

Ada Wazi:
Makasia, hoja nzuri, lakini inakwenda upande wangu. Kama faida ni ya taifa, taifa lilipe. Kwa nini deni hilo liwe kwenye ankara ya mwanafunzi wa uuguzi anayefanya kazi usiku?

Na wapo waliothubutu. Spelman, chuo cha wanawake kule Atlanta, mwaka 2012 kilitangaza kuachana na mashindano ya vyuo. Kilikuwa kinatumia karibu dola milioni moja kwa wanamichezo kama 80, kati ya wanafunzi wapatao 2,100. Fedha hizo zikahamishiwa mazoezi na afya ya wote. Hakuna aliyesema Spelman imekuwa chuo duni. Chuo Kikuu cha Chicago nacho kiliacha futiboli 1939, na kiliporudisha timu 1969 kilirudi kwa udogo.

Pato Halisi:
Spelman nakupa. Hakukuwa na timu ya wanaume, kwa hiyo hata ule ukuta wa pili wa Kifungu haukuwapo. Kati ya kufuta na kuendelea ipo pia njia ya kushuka ngazi. Hartford iliamua 2021 kutoka Daraja la Kwanza kwenda la Tatu, na Saint Francis ya Pennsylvania ikatangaza hivyo Machi 2025. Timu zinabaki, safari za ndege zinapungua, ufadhili unakwisha kidogo kidogo.

Kifungu:
Kwa anayelazimika kufuta, angalieni mambo manne kabla ya tangazo. Someni masharti ya kila mfuko wa wafadhili, kwa kuwa fedha iliyotolewa kwa ajili ya kuogelea haihamii futiboli. Tengeni fedha za kutimiza ufadhili wa waliopo hadi wahitimu na kulipa salio la mkataba wa kocha, kwa hiyo mwaka wa kwanza hamtaokoa karibu chochote. Deni la ujenzi wa bwawa linabaki hata bwawa likikauka. Na tangazeni msimu unapokwisha, si katikati ya kiangazi. Sasa idadi ya wachezaji kwa kila kikosi ina kikomo, na mchezaji anayeambiwa Julai atakuta vikosi vya vyuo vingine vimejaa.