Eneokazi jepesi la maabara ya shule: Xfce, MATE au LXQt?

mwl_tehama:
Wakuu habari zenu. Maabara ina kompyuta 20 zisizo na diski, RAM GB 2 kila moja. Zinawaka kwa mtandao, na kazi yote inafanyika kwenye seva ya Debian (Linux) yenye RAM GB 16. Eneokazi (desktop, yaani madirisha, menyu na paneli) ni GNOME. Wanafunzi kumi wakishaingia, kipanya kinaganda. Wanatumia LibreOffice, Firefox na GCompris (michezo ya kujifunzia). Niweke lipi?

kaskazi:
Weka Xfce. GNOME huchora skrini kwa 3D, na kwa mpangilio wako hakuna kadi ya picha ya kuisaidia, kwa hiyo prosesa ya seva inawachorea wote.

`apt install xfce4`
`update-alternatives --config x-session-manager`

Chagua xfce4-session. Waliokwisha kuchagua GNOME wataendelea kurudishwa huko hadi wachague Xfce kwenye skrini ya kuingilia. Kisha zima vivuli na uwazi wa madirisha:

`xfconf-query -c xfwm4 -p /general/use_compositing -s false`

Amri hiyo inamgusa aliyeiandika tu. Na skrini ikipumzika iwe nyeusi tupu. Zile picha zinazocheza zote zinapita kwenye waya.

fundi_swichi:
Sawa, ila Xfce peke yake haitamwokoa. Mla RAM ni Firefox: kurasa chache tu hufikisha GB 1, mara 20, na seva ina 16. Video nayo ndiyo balaa. Ya 640×480, picha 25 kwa sekunde, biti 32 kwa kila nukta, ikitumwa bila kubanwa ni kama megabiti 245 kwa sekunde. Poti ya mtandao ya megabiti 100 haiwezi.

Hamia LTSP (programu ya kuwasha kompyuta nyingi kwa mtandao kutoka seva moja) ya sasa, ile iliyoandikwa upya 2019. Seva inatoa taswira (nakala nzima) ya mfumo, kazi inafanyika kwenye mashine ya mwanafunzi. GB 2 zinatosha kwa Xfce ukisakinisha zram-tools (hubana data ndani ya RAM) kwanza, ndipo:

`ltsp image /`
`ltsp ipxe`
`ltsp nfs`
`ltsp initrd`
`ltsp dnsmasq`

Ukiongeza programu, rudia ya kwanza. Ukisajili mwanafunzi, rudia `ltsp initrd`, la sivyo nenosiri lake litakataliwa hata kama ni sahihi. Kagua pia alama ya `lm` ndani ya faili /proc/cpuinfo ya kila mashine: isipokuwepo, prosesa ni ya biti 32 na taswira ya biti 64 haitawaka.

mwl_tehama:
Shukrani. Na watoto wanaofuta paneli?

kaskazi:
LXQt na MATE nazo zinafaa, ila kwa shule naipendea Xfce kufuli hili. Panga paneli unavyotaka, nakili xfce4-panel.xml kutoka ~/.config/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/ kwenda /etc/xdg/xfce4/xfconf/xfce-perchannel-xml/, kisha mstari wa channel uwe:

`<channel name="xfce4-panel" version="1.0" locked="*" unlocked="root">`

Tengeneza taswira upya baada ya hapo.