Nilitunga maneno chini ya picha ya mzee wa mkokoteni, binti yake ameniandikia

Lenzi Kuukuu: Wadau, msinionee haya, nipeni ukweli. Wiki jana saa nne asubuhi nilikuwa soko la Wakulima hapa Nairobi, pale tunapoita Marikiti. Nikampata mzee amelala juu ya mkokoteni mtupu, kofia usoni, nyuma yake magunia ya viazi. Nikapiga picha tatu. Nyumbani nikachagua moja, nikaandika: "Jiji limemchosha, na leo hana cha kumlisha mtoto." Ikasambaa kuliko picha yoyote niliyowahi kuweka.

Jana binti yake akaniandikia. Mzee alikuwa sokoni tangu saa tisa usiku, malori yakishusha mizigo. Alikuwa amemaliza, akajinyoosha. Mkokoteni ni wake, na ana mwingine amekodisha. Huyo "mtoto" ni binti mwenyewe, yuko mwaka wa tatu chuoni. Sasa watu wa kanisa wanapiga simu wakitaka kumchangia, na mzee hashiki tena. Uso hauonekani, lakini walimtambua kwa maandishi ya ubavuni mwa mkokoteni: MDOGO MDOGO. Niifute?

Mama Viazi: Saa nne asubuhi Marikiti ni kama saa kumi na moja jioni kwenu ofisini. Ungeuliza yeyote hapo angekuambia.

Wakili wa Benchi: Kupiga picha barabarani peke yake si kosa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeiachia sanaa na uandishi wa habari nafasi yake. Ila usilale. Mwaka 2023 klabu moja hapa Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini. Wewe hukuwa ukitangaza biashara, sawa, lakini hiyo njaa kamera yako iliiona wapi?

Jicho Kali: Mimi napinga kufuta. Tukiomba ruhusa kwa kila mtu, barabara ya Tom Mboya yote itasimama wima na kutabasamu. Andika "Marikiti, saa nne asubuhi" na unyamaze. Mkokoteni tayari ulikuwa na kapsheni yake, na ilikuwa bora kuliko yako.

Filamu 36: Hata wakubwa wamejikwaa hapo. Dorothea Lange, mpiga picha wa Marekani, alimpiga picha mama mmoja na wanawe hemani California, 1936, bila kumuuliza jina. Baadaye akaandika kuwa walikuwa wameuza tairi za gari wanunue chakula. Familia ilikana: hawakuuza tairi yoyote. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alijitokeza miaka ya 1970 akiwa bado na uchungu. Kijana, usimwandikie binti tu. Nenda kwa mzee, na usibebe kamera.

Lenzi Kuukuu: Nimetoa maneno, na nimeandika wazi kwamba niliyatunga. Nilienda leo alfajiri. Mzee hakutaka maongezi, alikuwa akipanga vitunguu. Aliuliza tu kama kuna picha ambayo tairi yake mpya inaonekana. Ipo, ni ile ya tatu. Nani anajua mahali pa kuchapa kubwa kwa bei ya chini, River Road au hata Luthuli?