Mrejesho: Muhula wangu wa Ujerumani umekwisha, nimerudi Moshi

Ndugu zangu, mwaka jana niliwaomba ushauri kama nikubali nafasi ya kusoma muhula mmoja Ujerumani, nikihofia baridi na, zaidi ya hiyo, kwamba masomo ya huko yasingetambuliwa na chuo changu. Nilikwenda Leipzig mwezi Oktoba, na nimerejea nyumbani wiki mbili zilizopita.

Aliyenisisitiza nisaini makubaliano ya masomo, yaani hati ya vyuo vyote viwili inayotaja masomo yatakayotambuliwa, kabla ya kupanda ndege alinisaidia kuliko wote. Muhula kamili kule huhesabiwa krediti 30, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi, zikiwemo za kujisomea. Nilichukua masomo matano ya krediti sita sita, lakini nilipobadilisha moja katikati ya Oktoba sikuwaarifu walimu wangu wa huku kwa maandishi, nalo ndilo lililokataliwa, manne yamepokelewa. Kosa ni langu, nami nitalirudia somo hilo.

Baridi niliizoea, kwani koti la mtumba nililonunua soko la Memorial hapa Moshi lilitosha hadi Desemba. Kilichonielemea ni giza: mwezi huo jua huzama saa kumi jioni. Halafu Jumapili maduka hufungwa, jambo ambalo hakuna aliyenidokeza, hivyo Jumapili ya kwanza nilishindia mkate mkavu na chai isiyo na sukari.

Mama aliponipokea stendi alinitazama mashavu kwanza, akanyamaza. Jioni nilikuta sufuria zima la mtori likinisubiri.