Gumzo la kikundi: Shija kapata daraja E

Mama Pendo: Mwangaluka wote. Shija kachukua leseni yake jana, daraja E, ile ya malori. Nyie wenye kujua mambo ya malori, mwelekezeni mtoto kazi iko wapi.

Shija: Shikamooni. Asante mama mdogo. Kuna tajiri mmoja huku Igoma, Mwanza, kaniambia kesho nichukue semi, kichwa na tela lake, niende Kigali. Laki tatu kwa tripu. Mkataba hamna, anasema tutaandikishana nikirudi.

Mjomba Masanja: Marahaba. Kakuona ukiendesha?

Shija: Hapana mjomba. Kaangalia leseni tu.

Mjomba Masanja: Basi tulia kwanza. Mtu anayekupa funguo za semi bila kukuona ukirudisha tela nyuma, muulize dereva wa jana yuko wapi. Ama kakimbia madeni, ama gari ni bovu.

Kaka Deus: Na Rwanda wanaendesha kulia. Ukivuka mpaka pale Rusumo unahama upande, lakini usukani wako unabaki kulia, kwa hiyo ukitaka kulipita gari la mbele huoni kitu mpaka umeshatoka na kichwa kizima. Anayekuonea ni utingo wa kushoto. Utingo akiwa mgeni kama wewe, mko vipofu wawili. Halafu pasipoti unayo? Kadi ya homa ya manjano?

Shija: Sina hata kimoja.

Kaka Deus: Huyo tajiri alikuuliza?

Shija: Hakuuliza.

Mama Pendo: Kwani asianze na basi? Mabasi yamejaa pale Nyegezi.

Dada Nyamizi: Mama Pendo, basi ni daraja C. Hiyo E aliyonayo haimruhusu kubeba abiria wa kulipa. Akikamatwa, au gari likipata ajali, bima itasema dereva hakuwa na daraja na haitalipa.

Mjomba Masanja: Shija, sikiliza. Tatizo lako ni lile la kila mwenye leseni mpya: matangazo yote yanataka uzoefu wa miaka miwili, mitatu. Matenki ya mafuta pale Mwanza South na magari ya migodini usiyahangaikie sasa, hawampi mgeni. Zimebaki njia mbili za maana. Ya kwanza ni lori la wastani, Fuso au la tani kumi, la safari fupi. Ya pili ni kupanda semi kama utingo wa dereva mwenye subira, unaendesha vipande vilivyonyooka, unaongezewa kidogo kidogo.

Shija: Utingo tena mjomba, na leseni ninayo?

Mjomba Masanja: Leseni inasema unaruhusiwa. Haisemi unaweza.

Kulwa Fundi: 😂 Namuunga mkono mjomba. Shija, nikwambie kitu kimoja tu, kuunga tela. Unarudi taratibu mpaka sahani ya kichwa, lile bamba la chuma linalobeba tela, iguse tela. Shuka. Angalia tela isiwe juu kuliko sahani, maana ikiwa juu ile pini ya chini ya tela inapita juu ya taya za sahani bila kuingia, na tela inakuja kugonga kebini. Ikiwa sawa, rudi mpaka usikie "kla". Sasa wengi wanaondoka hapo. Usiondoke! Breki za tela zikiwa zimefunga, weka gia ndogo, vuta mbele kidogo mara mbili. Halafu ingia chini na tochi uone kwa macho yako taya zimefunga nyuma ya pini. Ndipo uunge mabomba ya upepo, jekundu na la njano, na waya wa taa, na mwisho upandishe miguu ya tela.

Kulwa Fundi: Kuachia tela ni kinyume chake, miguu inatangulia kushuka. Na kama ni udongo, weka mbao chini ya miguu. Huku kwetu mvua ikinyesha usiku, asubuhi unakuta tela imepiga magoti.

Shija: Chuoni tulifanya mara mbili tu.

Kulwa Fundi: Ndiyo maana.

Dada Nyamizi: Nirudi kwenye hizo laki tatu. Mafuta nani anatoa, na lita ngapi? Semi yenye mzigo kamili inakunywa karibu lita moja kwa kila kilomita 2. Njia ya kilomita 600 ni kama lita 300. Tajiri akikupimia 240, ujue hizo 60 zinasubiri kukatwa kwako, na utaitwa mwizi wa mafuta juu. Popote utakapoanza kazi, kabla ya kuondoka piga picha kilomita kwenye dashibodi na geji ya mafuta, mtumie bosi hapo hapo. Ukirudi, vivyo hivyo.

Kaka Deus: Mizani pia. Muulize mzigo ni tani ngapi na faini ikitokea ni ya nani.

Shija: Si tani 56 mwisho?

Kaka Deus: Ndipo vijana mnapoingia mkenge. 56 ni uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake kwa Afrika Mashariki yote, lakini unahesabiwa kwa ekseli, yaani kila mhimili wa magurudumu. Semi ya kawaida ya ekseli sita: mbele tani 8, zile mbili za kichwa 18, tatu za tela 24. Jumlisha, 50. Na hata ukiwa na 50 kamili, mzigo ukisukumwa mbele sana, ekseli za kichwa zinazidi huku za tela hazijafika. Mizani inasoma kila kundi. Kwa hiyo wakati wa kupakia simama pale pale, usilale kebini.

Mama Pendo: Jamani na mchango wa harusi ya Dotto msisahau, mwisho Jumamosi.

Kaka Deus: Tumekusikia mama 🙏

Shija: Sasa hizo Fuso nazipata wapi?

Mjomba Masanja: Kwa miguu, si kwa simu. Nenda Kirumba Mwaloni alfajiri, pale wanapopakia dagaa. Uliza nani ana gari na dereva wake hayupo leo. Ukianza kama deiwaka, dereva wa kushikia kwa siku, siku mbili tatu, watu wanakuona. Zunguka maghala ya Nyakato na Igogo pia, yanayopeleka bidhaa Sengerema, Geita, Magu, Bunda. Geita sasa ni safari nzuri ya kujifunzia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna kusubiri kivuko, ni kama kilomita 120, unashusha na kulala kwako.

Mjomba Masanja: Na msimu wa pamba ukifunguliwa, kwa kawaida Mei, vinu vinatafuta magari mengi. Marobota ya pamba ni mzigo mpana na mrefu kwenda juu, gari linayumba kwenye kona, basi punguza mwendo mapema. Sigara marufuku.

Dada Nyamizi: Beba bahasha yenye kopi ya leseni, cheti cha chuo, namba ya NIDA, picha mbili za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, na majina ya wadhamini wawili wanaopokea simu. Wadhamini wasiopokea simu wamewakosesha watu kazi nyingi mno.

Shija: Magari ya samaki je? Yale ya friji?

Kulwa Fundi: Mazuri, ila si ya wiki ya kwanza. Friji ina injini yake, na mara nyingi tenki lake la mafuta mbali na la gari. Likiisha usiku na wewe umelala, minofu ya kugandishwa inayotakiwa kukaa nyuzi 18 chini ya sifuri inaanza kulainika, na kiwandani wanaikataa. Ukipewa, hakikisha joto la wakati wa kupakia limeandikwa kwenye deliva noti kabla hujatia saini. Mzigo ukiwa umepakiwa na joto, friji ya gari haitaugandisha upya. Kazi yake ni kutunza baridi iliyopo.

Kaka Deus: Shija, ukienda kujaribiwa gari, watu wanatazama zaidi yale unayofanya kabla ya kuwasha. Zunguka gari. Gusa nati za tairi, angalia kama kuna mstari wa kutu unaotiririka kutoka kwenye nati, hiyo imelegea. Fungua vali za matangi ya upepo, toa maji. Washa, subiri upepo ujae, zima, kanyaga breki uishikilie dakika moja ukiangalia geji. Mshale ukiendelea kushuka, kuna mahali panavuja. Mwambie mwenye gari hapo hapo. Akikasirika, umeshapata jibu lako.

Kulwa Fundi: Na ukibadilisha tairi njiani, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Zinalegea zenyewe zikishajikalia.

Mjomba Masanja: Siku ukipelekwa njia ya Dar, mteremko wa Sekenke usishuke na frii, gari likiwa halina gia, ili kuokoa mafuta. Weka gia ndogo ukiwa bado juu, acha egzosti breki, ile inayotumia injini kupunguza mwendo, ifanye kazi, breki ya mguu uikanyage kwa vipindi. Ukiishikilia muda wote dramu zinapata moto, na breki zinakuwa kama hazipo. Gia ya kutafuta katikati ya mteremko haiingii. Na mwendo wa lori ukitoka mjini ni 80, siyo zaidi, hata kama mabasi yanakupita.

Shija: Dada Nyamizi, nikigonga kitu wanaweza kukata mshahara wote?

Dada Nyamizi: Hapana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka kosa liwe lako kweli, uandikiwe sababu na hesabu, upewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya malipo yako. Ila bila mkataba, mshahara wenyewe ni kiasi gani? Utathibitisha kwa nini? Ndiyo maana nasema karatasi kwanza. Iandikwe mshahara, posho ya njia mbali na mshahara, nani analipa faini ya mizani na pancha, na NSSF.

Shija: Ngoja nimtumie tajiri maswali. Tani ngapi, mafuta lita ngapi, mkataba kabla ya safari, na anijaribu gari leo jioni.

Kaka Deus: Ongeza na bima ya kuvukia mpaka, ile kadi ya njano.

Shija: Nimetuma. Tiki za bluu tayari.

Mama Pendo: Kasemaje?

Shija: Kasema gari limeshapata dereva.

Kulwa Fundi: 😂😂

Mjomba Masanja: Kuna Fuso Nyakato inapeleka saruji Sengerema kesho, dereva wake anahitaji mtu wa pili. Saa kumi na moja alfajiri uwe getini. Viatu vya kufunika, siyo ndala. Na leseni yenyewe, siyo picha kwenye simu.