Mama anaamini Bobby Ewing wa tamthilia ya Dallas alikufa tangu 1986. Nimwambie ukweli au nimwache aone mwenyewe?

Kiboriloni_Juu aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na mwenye matusi apite kimya maana hili linamhusu mama yangu mzazi.

Mama ana miaka 71, fundi cherehani hapa Moshi. Miaka ya themanini alikuwa anawashonea mapazia na magauni familia moja ya Shanty Town, mtaa wa wenye nazo. Mnakumbuka huku bara televisheni ilikuwa bado, ITV imekuja 1994. Ila ile familia ilikuwa na deki ya video, na kijana wao aliyekuwa Uingereza alikuwa anairekodi Dallas, ile tamthilia ya Marekani ya akina Ewing, matajiri wa mafuta, kutoka BBC anawatumia mikanda. Mkanda wa saa tatu, episodi tatu. Jumamosi jioni akina mama wanajaa sebuleni, mama yangu yeye anaingia na daftari na penseli. Likitokea gauni la Pam, mke wa Bobby, au la Sue Ellen, mke wa kaka yake J.R., anapaza sauti, "Simamisha hapo!" Picha inabaki inatetemeka kwenye kioo, yeye anachora. Yale mabega mapana aliyatoa kwenye sponji la godoro kuukuu. Gauni moja la kitenge bado lipo sandukuni, dada yangu alilivaa kwa utani Krismasi iliyopita ikabidi apite mlangoni kiubavu.

Sasa mwanzoni mwa 1986 ukaja ule mkanda. Bobby anamsukuma Pam asigongwe na gari, gari linamzoa yeye, anafia hospitali ndugu wote wakiwa wamezunguka kitanda. Mama anasema sebule nzima ililia, mwenye nyumba akazima deki na kuleta chai ambayo hakuna aliyeigusa. Yeye alikuwa na gauni la bibi harusi la kumaliza, harusi ya baada ya Pasaka. Wiki nzima hakukanyaga cherehani. Watu wa harusi walipokuja kuuliza gauni, akawajibu, "Nimefiwa." Wakampa pole, wakamwachia kilo mbili za sukari. Na mnajua sukari ya miaka ile ilivyokuwa.

Baadaye ile familia ikahamia Canada, deki ikaenda nao, na Dallas ya mama ikaishia pale. Kwake Bobby ni marehemu kabisa. Mdogo wetu wa mwisho, wa mwaka 1987, anaitwa Bobby. Kwetu jina la aliyetangulia anapewa mtoto, na ndicho alichofanya. Baba alipinga, akashindwa.

Miezi minne iliyopita nikapata Dallas yote kwenye flashi kwa kijana mmoja karibu na stendi. Tumeangalia tangu mwanzo, episodi mbili kila usiku baada ya taarifa ya habari, umeme ukiruhusu. Juzi tumefika kwenye kifo, amelia upya kama vile hakikuwahi kutokea. Nikachungulia mbele nijue kinachofuata, nikakutana na habari kwamba kuna sizoni nzima ambayo ni NDOTO. Kweli jamani? Niiruke? Nimwambie? Au nimwache aendelee kuomboleza?

Kisusio_Baridi alijibu:

Mkuu, stelingi hafi. Sisi tuliosoma vibanda vya video vya Majengo hilo ni somo la darasa la kwanza. Akipigwa risasi kumi na mbili, subiri tu, kuna mahali anajifunga kitambaa. Mama yako alikaa kwenye makochi ya Shanty Town ndiyo maana hakuambiwa.

Mzee_Sanawari alijibu:

Kijana, msalimie mama. Mimi hiyo sizoni niliiangalia ikiwa ya moto, nikiwa mwanafunzi Leeds, kwenye sebule ya mama mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amenipangisha chumba. Nakueleza taratibu.

Kwanza namba, maana flashi zinachanganya. Dallas ilianza Aprili 1978 na episodi tano tu za majaribio. Wengine wanazihesabu kuwa sizoni ya kwanza, wengine hawazihesabu. Ukihesabu, ya ndoto ni ya tisa, 1985 hadi 1986, episodi 31. Usipohesabu ni ya nane. Angalia mwaka, usiangalie namba.

Pili, chanzo. Patrick Duffy aliyecheza Bobby alitaka kuondoka, basi wakamuua, tena kifo cha wazi chenye daktari na mazishi. Hakuna aliyeacha mlango nyuma. Wakati huohuo Leonard Katzman, aliyekuwa ameshika usukani wa tamthilia kwa miaka, naye akakaa pembeni. Matokeo yake Dallas, iliyokuwa ya pili kwa kutazamwa Marekani msimu wa 1984–85, ikashuka hadi ya sita. Larry Hagman, J.R. mwenyewe, akamwendea Duffy na kumwomba arudi. Duffy akakubali, Katzman akarudi. Ikabaki kesi moja: mtu amezikwa, mnamrudishaje?

Wakamrudisha kwa bafu. Mei 1986, episodi ya mwisho ya sizoni hiyo, Pam ameolewa na Mark Graison jana yake. Anaamka, anasikia maji, anafungua mlango wa bafu, anayegeuka na sabuni mwilini ni Bobby. "Good morning." Mwisho. Miezi minne watu wanakaa na hilo. Na ile picha ya Duffy bafuni waliipiga kwa siri, mafundi wakaambiwa ni tangazo la sabuni.

Septemba ikaja jibu: Pam alikuwa anaota. Mama mwenye nyumba wangu alivua ndala akairushia televisheni. Muingereza! Mwanamke aliyekuwa anaomba radhi akigongana na kabati.

Zey_Njiro alijibu:

Iruke. Episodi 31 ni karibu saa 25 za maisha ya mama. Halafu unamwambia hayo yote hayakutokea? Mwonyeshe kifo, pitiliza hadi bafuni, maisha yaendelee. Bibi yangu angenipiga na mwiko.

Kiboriloni_Juu alijibu:

Mzee Sanawari shikamoo, na asante sana. Swali dogo: mama amelalamika sizoni nzima iliyopita kwamba Miss Ellie, mama yake Bobby, siye. "Huyu mama mkwe kaugua ugonjwa gani hadi akabadilika sura?" Nikamwambia labda ni uzee. Ni nini kile?

Mzee_Sanawari alijibu:

Marahaba. Mama yako ana jicho la fundi. Miss Ellie wa siku zote ni Barbara Bel Geddes. Msimu wa 1984–85 alikuwa nje, wakamweka Donna Reed, kisha Bel Geddes akarejea mwanzoni mwa hiyo sizoni ya ndoto.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Kama sizoni ya tisa ni ndoto, maana yake Pam alilala mama mkwe akiwa na sura ya Donna Reed, akamwota akiwa na sura ya Bel Geddes, akaamka akamkuta kweli ana sura ya Bel Geddes. Bobby karudi, kifo kimefutwa, lakini sura ya ndotoni imebaki mezani inakunywa kahawa, na hakuna hata mmoja pale Southfork, nyumbani kwa akina Ewing, aliyeuliza.

Lingine: kulikuwa na Knots Landing, tamthilia ya Gary, ndugu yao wa katikati aliyehamia California. Kule walishapata habari ya msiba na Gary aliomboleza. Dallas ilipofufua, Knots Landing hawakufufua. Wakakaa kimya wakaendelea na hadithi yao hadi 1993. Yaani nyumba moja wanakula pilau na Bobby, nyumba ya ndugu yake bado msiba.

Mke_wa_Marangu alijibu:

Naomba niwapinge wote mnaosema iruke. Hiyo sizoni mnayoiita upuuzi ndiyo Linda Gray, aliyecheza Sue Ellen, alifanya kazi ya maana kuliko zote. Sue Ellen anaangukia pombe hadi barabarani, mke wa tajiri wa mafuta anagombea chupa na watu wasio na makazi, anaishia wodini. Halafu ananyanyuka polepole, mwenyewe. Mimi nililelewa na shangazi aliyekunywa. Sijawahi kuona mtu anaonyesha vile mikono inavyotafuta kitu cha kushika. Kilichoniuma si Bobby kufufuka. Ni kwamba Pam alipoamka, kupona kote kwa Sue Ellen kukafutwa. Mwanamke amepanda mlima, wanamwambia rudi chini, dada mwingine alikuwa amelala.

Ila ukitaka ukweli wangu kama mwanamke wa Kichaga, mimi Dallas nzima naiona ni kesi ya kihamba, shamba la ukoo. Hebu tazameni. J.R. ni wa kwanza, Gary wa kati, Bobby kitinda mimba. Kwetu wa kwanza anakatiwa chake mapema ajitegemee, wa kati anaambiwa dunia ni pana, ndiyo hao waliojaa Dar es Salaam na kurudi Desemba na magari. Wa mwisho anabaki na nyumba ya wazazi na mama. Gary wao kaenda California, sawa, hiyo inaeleweka. Lakini J.R., mtu mzima na mke na mtoto, bado analala nyumba ya mama yake na kugombana na mdogo wake kwenye kifungua kinywa! Jock, baba yao, angekuwa Mkibosho angemkatia ekari zake tangu 1970 na tamthilia ingeisha kwa episodi tano zile za majaribio.

Kwa hiyo Bobby kufa lilikuwa kosa la mila kabla halijawa kosa la hadithi. Ukimuua kitinda mimba, nani anabaki na mama?

Kisusio_Baridi alijibu:

😂😂 Jock Mkibosho. Nimemwaga chai.

Zey_Njiro alijibu:

Haya nimeinama kidogo. Lakini kule mwishoni si kuna mabomu, mara Pam yuko Colombia anatafuta zumaridi, mara Wagiriki wa meli? Hiyo ni tamthilia ya familia au ni muvi ya Majengo?

Mzee_Sanawari alijibu:

Zey, hapo sina utetezi. Zumaridi zile zilinichosha hata mimi niliyekuwa nakwepa kusoma.

Kiboriloni, kitu kimoja cha mama. Nguo za wakati huo ziliongozwa na William Travilla, aliyepata tuzo ya Emmy mwaka 1985 kwa kazi yake Dallas. Ndiye aliyebuni lile gauni jeupe la Marilyn Monroe linalopeperushwa na upepo. Kwa hiyo penseli ya mama yako ilikuwa inanakili kwa fundi hasa. Na asichoke baada ya ndoto, sizoni ya kumi Sue Ellen ananunua kampuni ya nguo za ndani za wanawake. Fundi hawezi kulala hapo.

Kiboriloni_Juu alijibu:

Nimeamua. Simwambii, siruki. Nitaleta mrejesho.

Kiboriloni_Juu alijibu (wiki tatu baadaye):

Wakuu, jana usiku tumefika bafuni.

Njia yenyewe haikuwa rahisi. Zumaridi alizilala, nikamfunika kanga. Sue Ellen wodini hakusinzia hata dakika, tena aliniomba nirudishe nyuma mara mbili, Mke wa Marangu pokea salamu zake. Miss Ellie aliporudi na sura yake alipiga makofi: "Umeona? Nilikwambia alikuwa anaumwa." Sikumsahihisha.

Pam alipoolewa na Mark, mama akasema ni vizuri, mjane asikae peke yake miaka yote. Halafu asubuhi. Maji. Mlango. Bobby na sabuni yake.

Nilikuwa namwangalia yeye, siangalii kioo. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa. Akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Mara ya nne akauliza, "Na huyu Mark wa watu, mwenye suti yake ya jana, kaenda wapi?" Nikamwambia mama, Mark hayupo, ilikuwa ndoto, tangu asubuhi ile ya ajali. Nilimfungulia episodi ya kwanza ya sizoni ya kumi ili asikie kwa Pam mwenyewe.

Kimya kirefu. Kisha akachukua kitochi chake akampigia mdogo wangu Dar, saa tano kasoro ya usiku. "Bobby. Yuko hai." Mdogo wangu akadhani ni baba mdogo aliyelazwa, akaanza kushukuru Mungu kwa sauti. Ilichukua muda kuelewana pale. Sasa mdogo wangu anauliza kama jina lake bado lina maana, maana amepewa jina la marehemu ambaye hajafa.

Nikadhani imeisha. Asubuhi namkuta mezani, cherehani imefunikwa, amevaa nguo za kutokea. Nikamuuliza anaenda kanisani? Akasema hapana, anaenda Rau. Yule bibi harusi wa 1986 yupo Rau, siku hizi ni bibi mwenye wajukuu. Kwenye kikapu kulikuwa na sukari, kilo mbili.

Nikamwambia mama, ni miaka mingapi, yule mama hakumbuki hata sukari yenyewe. Akanijibu bila kugeuka, "Lakini mimi nilisema nimefiwa."

Nimemwitia bodaboda.

Kisusio_Baridi alijibu:

Mkuu hiyo flashi sizoni ya kumi ipo kamili? Mimi niko Njoro hapa, nakuja na kompyuta yangu jioni. Mwambie mama nabeba na sukari.