MREJESHO: Tenki la choo la vitufe viwili lililokuwa likivujisha

Wakuu, niliuliza kwa nini tenki la lita 3/6 (kitufe kidogo hutoa lita 3, kikubwa lita 6) linachuruzisha maji kwenye sinki la choo muda wote. Limepona.

Rangi ya chakula iliyotiwa kwenye tenki ilitokea sinkini ndani ya dakika 15 bila kuflashi. Basi shida ni wosha ya mpira chini ya vali ya kuflashi, ile ya ndani ya tenki inayozuia maji yasishuke sinkini. Funga koki ya pembeni inayoleta maji kwenye tenki, flashi, zungusha vali robo mzunguko kinyume cha saa, inatoka. Mpira ulikuwa na ukoko mweupe wa chokaa (maji ya kisima hayo!), umelowekwa kwenye siki nusu saa, ukageuzwa. Msiusugue kwa brashi ya waya, utachanika. Boya nalo limeshushwa: maji yasimame sentimita 2 chini ya mdomo wa bomba la ziada, lile la ndani ya tenki linalopeleka sinkini maji yakizidi.