Mkono au mguu kuvimba baada ya matibabu ya saratani: tupeane uzoefu

Fundi wa Mbagala

Wapendwa, naanzisha mada hii kwa sababu mimi sikuelezwa mapema, na nisingependa mwingine agundue kwa njia niliyogundua mimi.

Mwaka 2019 nilitolewa titi la kulia pamoja na matezi ya kwapani, kisha nikamaliza siku 25 za mionzi pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Nikajua nimevuka. Mwaka 2021 nikajishonea gauni la harusi ya mdogo wangu, mikono yote miwili kipimo kimoja. Kulivaa, wa kushoto ukapita, wa kulia ukakwama juu ya kiwiko. Nilifumua na kushona upya mara mbili nikidhani nimekosea kukata. Nguo ilikuwa sawa. Mkono ndio ulikuwa umenenepa.

Kumbe yale matezi ndiyo yanayopitisha maji ya limfu yarudi kwenye damu. Yakitolewa au yakiharibiwa na mionzi, maji yanakosa njia na kutuama chini ya ngozi. Wanaita limfedema, na inaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya matibabu. Hauponi moja kwa moja, lakini ukiutunza unatulia.

Siku yangu iko hivi. Asubuhi kabla ya kazi navaa soksi ya mkono ya kubana, maana mkono ukishajaa haiingii vizuri. Ninazo mbili: moja mwilini, nyingine imefuliwa kwa sabuni laini na kuanikwa kivulini. Ya kwanza niliuziwa bila kupimwa, ikanikaba kifundo, kiganja kikafura kama andazi. Tafadhali pimwa kwanza. Cherehani nakanyaga kwa vipindi. Nikisimama nakunja na kukunjua ngumi juu ya kichwa mara kumi. Kastabini haitoki kidoleni, kwa sababu tundu la sindano tu linaweza kuingiza vijidudu. Usiku soksi naivua, mkono nauweka juu ya mto. Miezi ya joto la Dar, Januari na Februari, ndiyo inayonitesa kuliko yote.

Wenzangu mnaishi nao vipi?

Mama Tanga

Pole dada. Mimi ni mguu wa kushoto, baada ya mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi. Huku pwani mguu ukivimba jina ni moja tu: matende. Majirani waliacha kukaa nami mkekani. Bibi mmoja, kwa nia njema kabisa, akanichanja chale ili "maji yatoke". Siku ya tatu mguu ulikuwa mwekundu, wa moto, natetemeka kwa homa. Nikalazwa, nikachomwa sindano za antibiotiki kwa siku kadhaa, na tangu hapo mguu haujarudi ukubwa wake wa kwanza. Nawasihi: usichanje, usiumike kwa pembe, usikande kwa maji ya moto. Ukiona wekundu, joto na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Muuguzi aliyenifundisha kuutunza alikuwa amewahudumia sana wagonjwa wa matende. Alinieleza kwamba matende husababishwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, na yangu imetokana na matibabu, lakini usafi wa ngozi ni ule ule. Kila jioni naosha kwa sabuni na maji ya kawaida, nakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, napaka mafuta ngozi isipasuke. Sitembei peku, hata uani. Mwaka wa pili huu sijapata homa tena.

Mchuma chai, Kericho

Mimi niliambiwa nisibebe chochote maisha yangu yote. Nikatii mwaka mzima. Mkono ukalegea, bega likakaza, na kazi ikaniponyoka. Baadaye mtaalamu wa fiziotherapia akaniambia ushauri huo ni wa zamani: mkono unahitaji kazi, ila uongezewe polepole. Tulianza na chupa ya maji ya nusu lita, wiki baada ya wiki, nikiwa nimevaa soksi yangu. Sasa nimerudi shambani. Mkanda wa kikapu nauweka bega la upande mzima, shati la mikono mirefu kwa ajili ya wadudu na mikwaruzo. Siku ukiuma au ukiwa mzito napunguza.

Baba wawili, Mwanza

Mke wangu si mwandishi, ameniruhusu niwaandikie. Mimi ndiye ninayemchua kila usiku, dakika kama 20. Nilipofundishwa nilishangaa: sikandi, napapasa. Ngozi inasogezwa tu taratibu, maana ukikandamiza unaifinya ile mishipa midogo iliyo juu juu. Tunaanzia shingoni na kwapa la upande mzima ili njia ifunguke, ndipo tunashuka kwenye mkono. Wanaume wenzangu, jifunzeni. Kuna mambo huwa hatuyazungumzi mchana, usiku ule tunayazungumza.

Na dawa za kukojoza maji, ndugu zangu, tulizijaribu kwa ushauri wa duka la dawa. Alikojoa sana, akaishiwa nguvu, mkono ukabaki vile vile.

Mgeni humu

Shikamooni. Nimefanyiwa upasuaji wiki tatu zilizopita, matezi yametolewa, sijavimba. Nianze na lipi?

Fundi wa Mbagala

Marahaba mdogo wangu. Chukua tepu ya fundi leo, upime mikono yote miwili kabla haijabadilika: kiganja, kifundo, sentimita 10 chini ya kiwiko na sentimita 10 juu yake. Andika na tarehe. Mkono unaofanyia kazi huwa mnene kidogo tangu zamani, ndiyo maana unahitaji namba zako mwenyewe. Rudia kila mwezi, saa ile ile. Sindano na kipimo cha presha, omba wakufanyie mkono mwingine inapowezekana. Tofauti ikiongezeka sentimita mbili, au namba zimetulia lakini pete inabana na mkono unahisi mzito, nenda mapema. Ukivimba ghafla pamoja na maumivu, nenda siku hiyo hiyo: wataangalia kama damu imeganda au ugonjwa umerudi. Kama huna tepu, tumia uzi na rula.